EKRA HUKU, MASHINI KULE



Tangu mwezi uliopita ninaona watu wanaingia katika chumba cha kusomea, wanakaa mbele ya ekra, wanapiga klavie, kiisha wanainama chini ya meza kutafuta mashini. Hawaioni. Mtoto mmoja wa mwaka wa kwanza aliniuliza: «Kapita, hii ekra inafikiri yenyewe?» Wengine wanatangaza kwamba intaneti imeingia shuleni. Hapana, haijaingia. Bwana Mwalimu wa fizika aliniomba niandike somo juu ya jambo hili, kwa maana mimi ndimi niliyepanda kwenye dari na kabli, na mimi ndimi niliyekosea mara mbili mbele ya kufaulu. Nitaandika pia juu ya bweni la wasichana, kwa sababu mchango umekwisha kuanza na ninaona hatari ndani yake.

Kisa munakijua. Shule yetu iko na mashini moja tu ya nguvu. Ndani yake kuna maktaba nzima inayosomwa bila intaneti, na maulizo ya Exetat ya miaka iliyopita: hesabu, fizika, kifaransa, yote. Zamani ilikaa katika chumba cha kusomea. Wakati wa likizo kubwa wezi walivunja dirisha, wakachukua ekra na batri moja. Mashini yenyewe iliwashinda, juu ilikuwa imefungwa na mnyororo kwenye mguu wa meza. Nyuma ya hapo komite ya wazazi ikakata shauri: mashini ikae katika biro ya Bwana Ekonome, ndani ya mlango wa chuma, pamoja na batri za paneli. Kwa mashini lilikuwa shauri zuri. Kwa sisi wa mwaka wa sita lilikuwa taabu. Kila aliyetaka maulizo ya hesabu alipaswa kupiga hodi na kungoja Bwana Ekonome amalize kuhesabu minervali. Wasichana wawili wa biokimia walingoja siku tatu.

Ndipo tukawaza hivi: mashini ibaki kule ndani, na sisi tuvute tu vile vitu ambavyo macho na mikono vinahitaji, ni kusema ekra, klavie na suri (kile kipanya cha kusukuma mezani). Kutoka biro mpaka chumba cha kusomea, kabli ikipita juu ya dari, ni metre 45, ndani ya jengo moja. Mushike neno hilo, jengo moja. Nitalirudilia.

NINI INAPITA NDANI YA KABLI

Klavie ni kitu cha polepole. Hata mpiga mashini hodari hafikishi herufi 20 kwa sekunde, na kila herufi ni alama chache tu za umeme. Suri vilevile. Lakini ekra ina njaa kama ndama. Ekra yetu ina vidoti 1024 kwa upana na 768 kwa urefu, jumla vidoti 786.432. Picha nzima inaandikwa upya mara 60 kila sekunde, hata kama hakuna kitu kinachobadilika. Ukiongeza na muda wa kurudi mwanzo wa kila mstari, inakuwa sawa na vidoti milioni 65 kwa sekunde. Kila kidoti kinapewa nanosekunde 15 hivi. Nanosekunde ni sekunde moja iliyokatwa vipande miliari moja.

Sasa muwaze. Ndani ya kabli sinyali inatembea metre moja kwa nanosekunde 5. Basi katika muda wa kidoti kimoja inatembea metre 3 tu. Ni kusema katika kabli yetu ya metre 45 kuna vidoti 15 vinavyofuatana kama siafu njiani: cha kwanza hakijafika, na cha kumi na tano kimekwisha kuondoka.

Na kila kidoti ni rangi tatu, nyekundu, kijani na buluu. Ekra yetu inatumia njia ya VGA, iliyotoka mwaka 1987 pamoja na mashini za IBM PS/2. Katika njia hiyo kila rangi iko na waya yake, na kiasi cha rangi ni volti: sifuri ni giza, 0,7 ni mwanga wote. Hakuna tarakimu pale za kusahihisha makosa. Volti ikipungua njiani, rangi inafifia. Ikichelewa, rangi inahama fasi yake. Njia hiyo ilitengenezwa kwa ekra iliyo juu ya meza pamoja na mashini, haikutengenezwa kwa kupita juu ya dari na panya.

KOSA LANGU LA KWANZA

Nilikwenda mjini na franka za mchango. Muuzaji mmoja akanionyesha vichwa vidogo vya plastiki: upande mmoja USB, upande mwingine tundu la kabli ya rezo. «Unaweka kimoja huku, kimoja kule, metre 50 bila shida.» Kwa ekra alinipa vingine vya namna ileile. Bei ilikuwa ndogo, nikafurahi sana. Kumbe ndani ya vichwa hivyo hakuna kitu, ni waya zinazoshikana na waya.

Tukavuta kabli siku ya posho mzima. Jioni tukawasha. Klavie ikawaka taa mara moja, ikazima. Suri ikatembea kama mlevi. Ekra ikaonyesha vichwa vikubwa vya habari, lakini maandishi madogo yalikuwa kama yamelowa mvua. Watu walicheka. Bwana Mwalimu hakunigombeza, alisema tu: «Leta kalamu, tuhesabu.»

Tulianza na umeme. Waya ya kabli ya rezo ya kawaida, ile inayoitwa Cat5e, ni nyembamba, kama nusu ya milimetre. Inapinga umeme kwa kiasi cha omu 0,084 kila metre. Umeme wa klavie unakwenda metre 45 na kurudi metre 45, jumla 90. Basi ni omu 7,6. Klavie na suri pamoja zikivuta ampere 0,1, volti 0,76 zinapotea njiani. Mashini ilitoa volti 5, kule inafika 4,24. Sheria ya USB inataka angalau 4,4. Ndiyo sababu taa iliwaka kiisha ikazima. (Wa mwaka wa nne, mufanye hesabu hiyo tena kwa metre 80, mutaona inakuwaje.)

Na hata ukipeleka umeme wa kutosha, bado. USB ni mazungumzo. Klavie haisemi bila kuulizwa. Mashini inauliza, kiisha inangoja jibu muda mfupi sana, na jibu likichelewa ao likifika limechakaa, inahesabu kwamba klavie haiko. Kwa hiyo sheria yenyewe inakataza kamba ya USB ya kawaida kupita metre 5, na kwa klavie na suri nyingi za polepole ni metre 3.

Kwa upande wa ekra, shida ni nyingine. Waya ndefu haili sinyali zote sawasawa. Ile ya polepole inapita karibu nzima, ile ya haraka inaliwa. Katika Cat5e, sinyali inayopiga mara milioni moja kwa sekunde, ikitembea metre 45, inabaki na sehemu tisa katika kumi. Ile inayopiga mara milioni 31, ndio mwendo wa mistari myembamba ya herufi ndogo, inabaki na nusu hivi tu. Kichwa cha habari ni kipana, kinabadilika polepole, basi tulikisoma. Herufi ndogo zilikufa juu ya dari.

Kwa hiyo kuongeza urefu wa kamba hakusaidii kitu. Unapaswa kubadilisha namna sinyali inavyosafiri.

WAYA ZILIZOSOKOTWA, NA KOSA LA PILI

Kata kabli ya rezo uangalie. Utakuta waya nane, mbili mbili zimesokotwa kama nywele: jozi ya machungwa, ya kijani, ya buluu, ya kahawia. Wazo hilo la kusokota ni la zamani. Alexander Graham Bell, yule wa telefone, alilipatia hati mwaka 1881, wakati waya za telefone zilianza kusumbuliwa na kelele. Waya moja inabeba sinyali, ya pili inabeba kinyume chake. Mpokezi hasikilizi hii wala ile, anasikiliza tofauti yao. Kelele ya taa ao ya mota ya kinu ikija, inaingia katika zote mbili sawasawa kwa kuwa zimesokotwa. Ukitoa moja ndani ya nyingine, kelele inakufa na sinyali inabaki. Mimi ninaona ni moja ya mambo mazuri zaidi katika fizika yote ya mwaka wa sita, na halihitaji chochote isipokuwa mikono ya kusokota.

Tulirudisha vile vichwa (muuzaji alitukata sehemu ya franka, tukavumilia), na kwa msaada wa komite tukapata visanduku viwili vya kweli. Kimoja kinakaa kwa mashini, kingine kwa ekra. Cha kwanza kinachukua kila rangi, kinaitengenezea kinyume chake, kiisha kinaisukuma katika jozi yake. Rangi tatu, jozi tatu. Jozi ya nne inabeba klavie na suri. Kisanduku cha kwanza kinajibu mashini chenyewe kana kwamba ndicho klavie, basi mashini haingoji tena. Cha pili kina umeme wake wa pekee, na kinarudishia sinyali kile kilicholiwa njiani, zaidi kwa zile za haraka. Ile visi ndogo pembeni yake ndiyo kipimo cha kurudishia.

Tukaunganisha. Picha ikaja, lakini na vivuli, kila neno liko na mzimu wake. Kosa lilikuwa langu tena. Wakati wa kubana fishi, zile za plastiki zenye meno nane, nilipanga rangi namna macho yanavyopenda: machungwa mbili, kijani mbili, buluu mbili, kahawia mbili. Kifaa cha kupima kikawasha taa zote nane kwa mfuatano, nami nikasema, haleluya, kabli iko muzima. Lakini kifaa kile kinapima tu kama waya inafika. Hakipimi inasafiri na nani. Kanuni inataka jozi ya kijani ikae kwenye jino la 3 na la 6, ikiruka juu ya buluu iliyo kwenye 4 na 5. Mimi nilikuwa nimetenganisha ndoa mbili: sinyali moja ilipita katika waya ya kijani na ya buluu, zisizosokotwa pamoja, na sinyali ya pili vilevile. Basi zikachanganyika.

Kwa atakayebana fishi siku moja, mpangilio tulioufuata ni huu, kuanzia jino la kwanza: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili sawa.

Nyuma ya kubana upya, vivuli vikatoka, kasoro kimoja: upande wa kuume wa kila herufi palibaki mstari mwekundu mwembamba. Hapo hata mimi sikuwa na kosa. Jozi nne za kabli zinasokotwa makusudi kwa wingi usio sawa, ili zisisikilizane. Jozi iliyosokotwa sana, waya zake ni ndefu zaidi, hata kama kabli kwa nje ni moja. Basi rangi tatu zinaondoka pamoja na hazifiki pamoja. Kanuni ya Cat5e inaruhusu jozi zipishane mpaka nanosekunde 45 hivi kwa metre 100. Kwa metre 45 ni 20, na kidoti chetu kizima ni 15! Rangi nyekundu ilikuwa inachelewa, ikiandikwa kuume kwa wenzake. Huwezi kumharakisha aliyechelewa. Kisanduku kinachelewesha wale wawili wengine kidogo, wangoje mwenzao, kiisha watatu wanaingia katika ekra pamoja. Tulizungusha kipimo hicho usiku saa tatu, Bwana Mwalimu akitazama herufi «i» kwa lupa. Mstari mwekundu ulipotoka, alisema «Sawa» mara moja tu, akaenda kulala.

Onyo moja. Kwa kuwa kabli ni ya rezo na fishi ni za rezo, mtu atafikiri anaweza kuzichomeka katika swichi ya rezo. Asijaribu. Visanduku vya namna yetu havisemi lugha ya rezo, vinasukuma volti zao wenyewe moja kwa moja, na unaweza kuunguza kisanduku ao swichi ao vyote viwili. Viko visanduku vingine vinavyosema lugha ya rezo kweli. Vinaigeuza picha kuwa tarakimu, vinaikata vipande, vinaituma popote rezo inapofika, hata mji mwingine, lakini mkono unasukuma suri na picha inafuata nyuma kidogo. Tena kwa mashini za sasa zenye HDMI iko namna inayoitwa HDBaseT, iliyoanza mwaka 2010, inayopeleka picha ya tarakimu mpaka metre 100 kwa kabli moja. Yetu ni mashini ya zamani. Imetutosha.

JUU YA BWENI LA WASICHANA

Sasa neno lililonifanya nikubali kuandika. Dada kapita wa bweni alinijia mbele ya wengine, akasema: «Kapita, wewe mwenyewe ulituambia kabli inaweza kufika metre 100. Sisi tuko metre 80. Usiku haturuhusiwi kutoka, na Exetat ni ya wote. Sasa shida iko wapi?» Swali lake ni la haki. Wasichana wamekwisha kuchanga kununua kabli na visanduku vingine, na fundi mmoja yuko tayari kuipitisha juu ya mikaratusi kesho akiambiwa.

Shida haiko katika metre. Shida ni kwamba kabli ile itatoka katika jengo moja, itapita hewani, iingie katika jengo lingine, na kabli hiyo ni ya shaba.

Huku kwetu Kivu tunaishi chini ya radi kuliko karibu watu wote duniani. Mwaka 2016 wanasayansi walitoa hesabu iliyofanywa kwa satelaiti, ikipanga fasi za dunia kwa wingi wa radi. Ya kwanza ni ziwa Maracaibo katika Venezuela, radi 233 kwa kila kilometre mraba kila mwaka. Ya pili ni Kabare, hapa hapa katika Kivu ya Kusini: 205. Sisi hatuhitaji kusoma, tunasikia kila siku ya masika saa tisa.

Na radi hailazimiki kupiga kabli yenyewe. Mwaka jana ilianguka juu ya mkaratusi nyuma ya jiko. Hakuna nyumba iliyoguswa. Lakini amplifikateri ya kwaya, iliyokuwa na waya ndefu iliyovuka uwanja, ilikufa palepale. Radi ikishuka karibu, waya ndefu inapata umeme bila kuguswa, kama vile antene. Tena udongo wenyewe unapanda volti fasi ilipoanguka, kuliko udongo wa metre 80 mbali, na waya ya shaba inayounganisha majengo mawili inakuwa njia ya tofauti hiyo. Umeme utapita ndani ya kisanduku, ndani ya mashini yetu moja, pengine ndani ya klavie ambayo msichana ameweka mikono juu yake. Kuifukia chini kunazuia fundi wa bustani kuikata, hakuzuii hayo.

Iko njia nzuri: nyuzi za kioo, fibre optike. Zinabeba mwanga, na mwanga haujali radi. Viko visanduku vya ekra na klavie vinavyotumia nyuzi hizo, na metre 80 kwao ni kidogo sana. Lakini muangalie mambo mawili. Kwanza, nyuzi nyingine zinawekewa waya ya chuma ndani ili zivutwe kwa nguvu. Tuchague zisizo na chuma, ama tumerudisha radi kwa mlango wa nyuma. Pili, kisanduku cha bweni kipate umeme wa paneli ya bweni lenyewe. Tukivuta umeme kutoka biro, tumevuta shaba tena, na kioo hakitasaidia kitu.

Nyuzi hizo na visanduku vyake ni bei kuliko mchango ulioko. Nimemwomba Bwana Prefe mchango usirudishwe na usitumiwe kwa shaba, uwekwe kwa Bwana Ekonome mpaka utimie. Najua wasichana wa mwaka wa sita hawatauona ukitimia, kwa maana tutakuwa tumekwisha kuondoka, wao na mimi. Kwa hiyo tangu juma lijalo, siku ya pili na siku ya ine, saa moja ya jioni mpaka saa tatu, chumba cha kusomea ni cha wasichana peke yao. Mama mlezi wa bweni amekubali kuwasindikiza na taa. Wavulana wa mwaka wa tano walionung'unika waje kuniona mimi, wasiwasumbue njiani.

Na mwenye kuona mstari mwekundu umerudi kwenye ekra, asizungushe ile visi. Aniite, hata kama nimelala.

Kapita wa shule, mwaka wa sita